Koilova za Subaru ya Mzee Mokua

Subaru ya Mzee Mokua ilikuwa bado na mbio zake za zamani, ila nyuma ilikuwa imechoka. Kila shimo la barabara ya Kebirigo liliifanya igonge chini. Ndipo bintiye Nyamusi, mwenye gereji pale Mosocho, akaagiza koilova: shoki na springi zilizoungana, zenye pete ya kuzungusha ili gari lipande au lishuke.

Jumapili asubuhi aliliinua gari kwa jeki, akaondoa kiti cha nyuma na kufungua nati za juu. Boliti za chini zilikuwa zimeshikwa na kutu. Alizipaka mafuta, akasubiri, kisha akazing'oa kwa nguvu za mabega yake. Kufikia adhuhuri koilova zote mbili zilikuwa zimekaa. Alipolishusha gari, akachuchumaa na kuona upande wa kushoto umeinuka kidogo.

"Hiyo ataiona malaika tu," babake, aliyekuwa akingoja kando, akasema. "Twende."

"Ngoja, Tata. Hii ni kazi yangu, na mimi nimeiona."

Akaliinua tena, akazungusha pete, akalishusha. Sasa lilikaa sawasawa.

Walipanda vilima hadi Kebirigo, mzee akikata kona bila nyuma kuyumba. Sokoni vijana wakalizunguka gari.

"Mzee, fundi wako ni wa Nairobi?" mmoja akauliza.

Mokua alishuka, akaenda upande wa pili, akamfungulia Nyamusi mlango.

"Fundi ni huyu," akasema kwa sauti ya kusikika soko zima. "Ni binti yangu."

Nyamusi alijaribu kuzuia tabasamu, akashindwa.