Moshi wa Adhuhuri

Kigombe hakuna asiyejua kwamba mchana wa Ramadhani moshi haupandi. Ukiuona, ni wa tanuri la chokaa au ni wa nyumba isiyojiheshimu. Sasa mwaka ule, mwezi umeandama juzi tu, moshi ukapanda adhuhuri uani kwa Mwalimu Semeni, mjane wa Maalim Uweso, nyumba ambamo nusu ya wazee wa kijiji walifundishwa Kurani.

Semeni alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, kanga zake daima zimepigwa pasi. Alijivunia jina la mumewe na hakuona haya kulisema. Mtoto akitukana mbele ya baraza lake, alirudishwa kwao akiwa ameshikwa sikio.

Moshi ule ulikuwa wa uji wa Methusela. Methusela ni mtu wa bara, Mkristo, aliyekuja ujanani kukata mkonge, akabaki kugema tembo na kulinywa. Kabla ya mfungo alianguka mnazini, mguu ukatiwa plasta, na dawa alizopewa zilitaka chakula tumboni mchana. Mke hana, mtoto hana, na magenge yote yamefungwa mpaka magharibi. Kibanda chake kiko nyuma ya ua wa Semeni. Siku moja Semeni akamsikia anaugulia njaa, amejiziba mdomo kwa shuka asisikike. Akateleka sufuria jikoni.

Jirani yake Tausi alichungulia juu ya ua wa makuti, akamwona Mwalimu anatia kijiko mdomoni. Hakungoja kuona alivyotema. Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi, kisha akatema; sheria hiyo Tausi aliisoma kwa Maalim Uweso mwenyewe. Lakini umbea hauna subira ya sheria. Kufika alasiri, kijiji kizima kilishajua kwamba Mwalimu anakula.

"Mwalimu," Tausi akamchokoza bombani, "mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Je, akipikiwa uji?"

"Hushiba. Hebu sogeza ndoo yako."

Wanawake wakaangua kicheko. Neno moja tu juu ya chumvi lingemaliza mambo, na Semeni hakulisema. Kusimama shahidi wa kijiko, kwa umri wake na kwa nyumba yake, aliona ni kujishusha.

Ndipo akaja Nasri, mdogo wa marehemu, mkubwa wa ukoo sasa.

"Shemeji, sikuja kugombana."

"Basi kaa."

Hakukaa. "Watu wanasema unakula mchana."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi najua huli. Lakini moshi hauna mdomo wa kujieleza. Nitakuletea mtungi wa gesi. Pika ndani, funga mlango, mpelekee kwa nyuma."

"Nijifiche?"

"Ujisitiri. Kwa jina la kaka."

"Anayefunga mlango ni mwizi, Nasri. Nikimlisha mgonjwa kwa kunyata, watoto niliowasomesha watajua kuwa kumlisha mgonjwa ni aibu."

"Mlevi, shemeji! Mgema!"

"Mungu aliwaambia malaika kwamba ataweka khalifa duniani. Kaka yako alitufundisha hapa hapa barazani kwamba khalifa ni aliyekabidhiwa kazi ya Mwenyewe. Mungu hashuki Kigombe na sufuria. Amenikabidhi mimi, na wewe pia kama utakubali. Mvua yake inamnyeshea mlevi na mshika tasbihi. Mimi ni nani nichague?"

Nasri akakunja uso. "Kesho moshi ukionekana, hitima ya kaka itasomwa kwangu."

Hapo alimpata. Kila mwaka, katikati ya Ramadhani, wanaume walifuturu barazani kwa Semeni, wakamsomea Uweso. Ndiyo jioni pekee aliyolisikia jina la mumewe likitajwa kwa sauti nyingi ndani ya nyumba yake. Aliingoja mwaka mzima. Lakini hakumpa shemeji yake raha ya kuliona hilo usoni mwake.

"Mikeka iko chumba cha uani," alisema. "Ichukue sasa hivi, usije ukanisumbua siku yenyewe."

Kesho yake akalihamisha jiko. Hakulipeleka ndani, alilitoa uani, akaliweka mbele ya nyumba, kando ya njia ya msikitini. Wanaume wakapita kwenda kuswali, wengine macho chini, wengine wakikohoa. Uji ulipoiva akaubeba wazi, bila kawa, na mlangoni kwa mgema akapaza sauti mtaa wote usikie: "Shikamoo, mzee!" Kigombe ilikuwa haijawahi kumpa Methusela shikamoo.

Siku ya hitima alipika kama kila mwaka: muhogo wa nazi, tambi, kaimati. Adhana ya magharibi ikaingia, akafungua kwa tende peke yake. Baraza tupu. Kutoka kwa Nasri zilisikika sauti za wasomaji.

Mara Methusela akatokea, mkongojo kwapani, shati lake jeupe limefuliwa.

"Nimesikia leo ni ya Maalim," alisema. "Maalim alikuwa akinisalimu."

Semeni alitandika jamvi, akampakulia. Walipokwisha kula, akajifunika mtandio, akasoma Yasini kwa ghibu, kwa sauti ile iliyonyamazisha madarasa. Kisha akamwombea mumewe dua, kwa Kiswahili, ili mgeni wake aifuate. Methusela aliweka mikono magotini, na kila palipostahili akaitikia, "Amina." Upande wa pili wa makuti, viatu vya Tausi vikasikika vinakimbilia kwa Nasri na habari.

Asubuhi Nasri alifika hata salamu hakutoa.

"Mkristo ameitikia amina kwenye hitima ya kaka yangu!"

"Ameitikia," alisema Semeni, "nyumbani kwa kaka yako. Wewe ulikuwa wapi?"