Mke wa Mtu Asiyemjua

Nanzala ni kinyozi wa wanaume, ana kibanda nyuma ya steji ya Eldoret. Alipoanza kazi, wanaume walikuwa wakichungulia mlangoni, wakimwona mwanamke ameshika mashine, wanajifanya wamekosea nyumba. Siku hizi wanapanga foleni. Ana mkono mwepesi na mdomo usiojua kubembeleza. Ukimwambia una haraka, atakujibu kwamba kichwa chako hakina.

Asubuhi moja akaingia mgeni mwembamba, gamubuti zake zikinuka maziwa. Nanzala akamfunga kitambaa shingoni, akaanza kazi. Alipofika katikati ya kichwa, mgeni akakohoa.

"Madam, pole kukusumbua. Naitwa Elphas Wabuge, natoka Soy. Nimeambiwa kwa ofisi ya ndoa ati wewe ndiyo bibi yangu."

Nanzala akazima mashine. Elphas Wabuge ni jina la mumewe, aliyefunga naye ndoa kanisani miaka minne iliyopita, na ambaye asubuhi hiyo alikuwa amemwacha nyumbani akinywa chai. Mgeni akatoa kitambulisho. Jina ni lile, namba ni ile iliyoandikwa kwenye cheti chake cha ndoa. Kitambulisho cha kwanza, alisema, kilimpotea sokoni Burnt Forest, akachukua kingine, akasahau. Juzi alikuwa amekwenda na mchumba wake Rael kuandikisha ndoa, wakafukuzwa: bwana harusi ana mke Eldoret!

Mwingine angepiga mayowe. Nanzala aliwasha mashine tena. "Tulia," akasema, "siwezi kukuachilia na nusu ya kichwa." Akamaliza, akamsawazishia nywele za kisogoni vizuri kabisa, kisha akafunga kibanda na kwenda nyumbani.

Mume hakubisha sana. Jina lake hasa ni Kituyi. Alikuwa na mke wa pete, wa ndoa ya kanisani, huko Kitale, na alijua hakuna mchungaji ambaye angemfungisha ndoa nyingine kwa jina lilelile. Akaokota kitambulisho cha watu. Picha ya kitambulisho, kama tujuavyo, haifanani na mtu yeyote, na mchungaji akakipitisha. Alipokwisha kukiri, akabeba begi lake akaondoka.

Na wajomba wa Nanzala? Ah, wajomba! Siku ya posa walimhoji saa tatu nzima: ukoo gani, mama ametoka kwa nani, bibi mzaa baba alizaliwa wapi, wasije wakaoza ndugu kwa ndugu. Kituyi alijibu yote, na yote yalikuwa kweli. Wakaridhika, wakala kuku. Hakuna aliyeomba kuona kitambulisho, maana kwao hicho ni kitu cha kuonyesha polisi, si wakwe.

Rafiki wa Nanzala, Benta, muuza nyanya wa kibanda cha pili, alikuwa na shauri lake. "Nyamaza tu. Kwa karatasi uko na bwana, na huyo bwana ako na shamba Soy."

"Nikae bibi ya mtu nimemnyoa mara moja?" Nanzala akamjibu.

Akaenda kwa wakili, Wacera, mama wa makamo mwenye subira. Wacera akamweleza kwamba talaka haimfai. Kuomba talaka ni kukubali kwamba palikuwa na ndoa kati yake na Elphas. Ndoa iliyofungwa kwa jina la wizi hubatilishwa. Inafutwa tangu siku ya kwanza, kana kwamba haikuwahi kuwepo.

Hapo ndipo Nanzala alipoingiwa na hofu, kwa kuwa ana binti wa miaka mitatu, Musimbi. Ndoa ikifutwa, aliyezaliwa ndani yake atabaki wapi? Wacera alimhakikishia kwamba mtoto hafutwi. Lakini Nanzala alikuwa amekwisha kudanganywa kwa karatasi yenye mhuri, na hakuamini tena maneno ya mtu yeyote. Jumapili shangazi yake akamwambia mbele ya watu kwamba anakwenda mahakamani kumtafutia mwanawe jina la aibu. Maneno hayo yalimchoma. Nusura aache kesi.

Elphas hakumshurutisha. Alimpigia simu mara moja tu kumwambia kwamba yeye na Rael watangoja. Nanzala alifikiria watu wawili wema waliozuiliwa kuoana kwa ajili ya saini yake, na Jumatatu akaenda mahakamani, Musimbi mgongoni.

Kituyi alikuwa amekamatwa na kuletwa. Kesi yake ya kujifanya mtu mwingine ilikuwa inamngoja kwingine. Siku hiyo alitakiwa kusema tu yeye ni nani, akasema. Hakimu akasoma: ndoa hii ni batili, jina la Elphas Wabuge liondolewe kwenye daftari la ndoa, na kisheria ndoa hiyo haikuwahi kuwepo.

Nanzala akasimama bila kuruhusiwa. Wacera akamvuta sketi, hakuketi. Akamfungua mtoto mgongoni, akamwinua juu kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, sawa, ndoa haikuwepo. Na huyu?"

Hakimu akavua miwani, akamtazama Musimbi, kisha akamtazama Kituyi, aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Huyu yupo, mama," akasema. "Na baba yake ni yule pale. Karani, andika jina la kweli la baba kwenye cheti cha mtoto."