Mrija wa Baba Watoto

Mrija wa marehemu mume wangu bado unaning'inia juu ya mlango, na wajukuu wakiugusa nawafokea. Ni mrefu kuliko mtu. Kwetu magharibi wazee hunywa busaa, pombe ya nafaka, wakizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake, na walipokuja Nakuru kufanya kazi ya reli walikuja na mirija yao. Hapa Bondeni ungewaona Jumapili wameibeba begani kama watu wanaoenda kuezeka nyumba.

Zilikuwa siku tamu, sitadanganya. Mume wangu akionja kidogo aliimba mpaka majirani wanazima redio. Shida, kidogo hakikumtosha. Busaa ikawa chang'aa, ile pombe kali ya magendo, kazi ikaenda, na kifungua mimba wetu, msichana, akazoea kuficha sufuria chini ya kitanda akisikia wimbo unakuja, maana baba yake akiingia aliipiga teke. Sufuria hiyo ninayo, imebonyea upande, na inapika maharagwe vizuri kuliko hizi mpya.

Halafu ini likamshika. Daktari akamwambia ukionja tena unakufa. Akaacha, akawa mtu wa uji. Ndipo msichana akapata mchumba, na wakwe wakasema wanaleta mahari.

Sasa, kwetu baba wa msichana ndiye anayetangulia kuweka mrija chunguni. Asipoweka, wageni wanajua amekataa ndoa, wanarudi na ng'ombe wao. Nikamwambia, "Baba, tuseme umeokoka."

"Waseme nimeogopa pombe mbele ya wakwe? Nitashika tu. Sitavuta."

Mimi nilimjua. Siku hiyo, yeye akioga, niliyeyusha kipande cha mshumaa nikaziba mrija wake huku chini.

Wageni wakakaa, nikamimina maji moto kwenye chungu cha busaa, ile harufu ikapanda. Akautia mrija mdomoni. Mashavu yakaingia ndani. Alivuta, jamani. Alivuta kabisa.

Kaka yangu kando yake akacheka, "Shemeji, polepole! Macho yanatoka! Waachie wageni!"

Watu wakaangua kicheko. Mume wangu akainua macho, akanitazama mimi. Mirija mingine ilikuwa imeegemea ukuta, hapo karibu na mkono wake. Angechukua mwingine, nani angemuuliza? Nikashika birika mpaka likanichoma.

Akapangusa mdomo na kiganja. "Wakwe," akasema, "hii imeiva. Karibuni."

Akakaa na mrija ule mpaka jua likashuka, na hata akaimba. Msichana wetu akatoka jikoni akasimama mlangoni kumsikiliza, mikono mitupu, sufuria ikiwa mekoni.

Wageni walipoondoka, mume wangu akanipa mrija.

"Mama, weka vizuri," akasema. "Bado wadogo zake huyu msichana wataolewa."