Kadi Iliyofungwa Pindoni

Siku hizi kwetu Kilwa Masoko, ukienda kwenye shughuli ya ndani ya bibi harusi, simu unaiacha mlangoni. Kuna beseni, kuna mama mmoja mkali amekalia kigoda, na hana habari wewe ni shangazi wa nani. Ilibidi iwe hivyo. Watu walikuwa wanampiga picha mtoto wa watu anasingwa mwili kwa liwa ya manukato, kichwa wazi, mabega wazi, na kabla liwa haijakauka mwilini picha ziko kwenye magrupu, zinazunguka mpaka Lindi mjini. Kuna binti mmoja alirudishwa kwao kwa picha moja tu, na mpaka leo mama yake hapiti njia ya sokoni.

Ndipo wanawake wakaikumbuka kamera yangu. Ni ndogo, ya mfukoni, ya zamani, ile ambayo ukiiwasha lenzi inatoka mbele kama shingo ya kobe. Haina laini, haina bando, haina pa kupeleka maneno. Wanaiamini kuliko wanavyoniamini mimi mwenyewe, nami sijawahi kulalamika, maana kwa ajili yake nimekula pilau la nyumba nyingi.

Magonjwa yake nayajua yote. Ikizima ghafla, usikimbilie kusema imekufa, ni betri za bei rahisi hizo; weka nyingine nzuri, futa na vile vichuma vya ndani. Picha ikitoka na ukungu, mtu kagusa lenzi kwa kidole chenye mafuta ya nazi. Na yale madoa meupe ya duara yanayoelea juu ya vichwa vya watu, ambayo yamewahi kumtoa bibi mmoja mbio chumbani akisoma Ayatul Kursiy, si majini jamani. Ni moshi wa udi na vumbi, umemulikwa na fleshi. Nimelisema hili mpaka koo limekauka. Wananiitikia, halafu wanaangalia tena juu ya vichwa vyao.

Kadi nayo ina utaratibu wake. Shughuli ikiisha, naitoa kwenye kamera mbele ya macho ya wote, namkabidhi somo, yule mama anayemfunda bibi harusi. Yeye anaifunga kwenye pindo la kanga yake, anakaza fundo, na haifunguliwi ila mbele ya bibi harusi mwenyewe. Kadi ikishaingia pindoni, chumba kizima kinapumua.

Safari hii bibi harusi alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Anayemuoa ni seremala hapa hapa Masoko, mtu mpole, haya zimemjaa. Lakini kwao ni Kinjumbi, na huko kuna kaka yake mkubwa, mnunuzi wa ufuta, ambaye tangu baba yao afariki ndiye mwenye kusema ndiyo na hapana katika ile familia. Huyo kaka mtu alishawahi kumposa mdogo wangu awe mke wake wa pili. Tulikataa kwa adabu zote. Alicheka, akasema hakuna neno, ndugu ni wale wale. Mimi kile kicheko sikukipenda, na nilisema nyumbani, wakaniambia nina roho mbaya.

Alhamisi ile mambo yalikwenda vizuri mpaka mwisho. Nimepiga picha, nimetoa kadi, somo ameifunga. Mara yule mama mpaka hina akaita kutoka kitandani, "Njooni muone!" Alikuwa amemaliza mgongo. Tawi la maua limeshuka na uti wa mgongo wote, na kwenye bega la kulia ua moja kubwa limefunguka. "Hili si la kuonwa na mtu," akasema, "hili la bwana harusi peke yake." Vigelegele vikapasua bati. Somo mwenyewe akanipigia kelele, "Wewe umesimama nini? Piga hiyo!" Nikapiga. Kamera ikalia kama kawaida yake, nikapiga tena, na tena. Chumba kizima cha wanawake watu wazima, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kadi iko pindoni.

Halafu shangazi akaja na mrashi. Akamrashia bibi harusi, akaturashia sisi, kisha akaigeukia kamera mkononi mwangu, lenzi iko nje, akasema, "Na hii nayo ipate baraka, imefanya kazi kubwa." Mtume! Kabla sijavuta mkono, marashi yalishaingia. Nikabonyeza kuzima. Lenzi ikarudi kidogo, ikakwaruza, ikagoma. Kwenye kioo yakaja maandishi kwamba lenzi ina hitilafu, kisha giza.

Nilijaribu yote ninayoyajua. Nikatoa betri, nikazirudisha. Nikaishika lenzi ikitazama chini, nikaigongagonga kwa kiganja, taratibu. Nikapuliza kwa ule mpira wa kunyonya makamasi ya watoto. Nikazungusha karatasi nyembamba kwenye ule mwanya wa lenzi, ikatoka na rangi ya hina na unga wa liwa, vimekandika kwa marashi, uji mtupu. Shangazi akasema niitie kwenye mchele. "Mchele una vumbi, shangazi, utaimaliza kabisa." Akanuna, akasema siku hizi watoto tunajua kila kitu. Na kesho ilikuwa ndoa.

Nikapanda bodaboda mpaka Nangurukuru, kwa fundi wa simu na redio pale mabasi yanaposimama. Yeye ndiye mwenye bisibisi ndogo ndogo zinazoingia kwenye vitu hivi. Akaitazama, akainusa, akacheka. "Dada, mmeiogesha?" Akasema ataifungua, ataifuta kwa spiriti, niifuate asubuhi. Kisha akauliza, "Kadi iko wapi?"

"Kadi haipo," nikamjibu kwa maringo, "kadi zetu hatuziachi ovyo." Nikaondoka natembea kwa raha zangu.

Jioni mdogo wangu akataka kuona picha. Somo akafungua fundo, tukaichomeka kadi kwenye kompyuta ya binamu yetu wa kike, tukajifungia. Zilikuwa nzuri. Anasingwa, anacheka, anafutwa machozi. Halafu zikaisha.

"Za mgongo ziko wapi?" mdogo wangu akauliza.

Hapo ndipo nikakumbuka. Kamera ndogo kama ile, isipoikuta kadi, haikatai kupiga. Ina nafasi yake ndogo ya ndani, inaweka humo picha chache, kimya kimya. Zile za mgongo zilikuwa ndani ya kamera, na kamera ilikuwa juu ya meza ya mwanamume, Nangurukuru, njia panda ya dunia nzima. Nikampigia fundi. Simu haipatikani. Nikapiga tena na tena, yule dada wa mtandao ananijibu kwa upole mpaka nikamtukana. Mdogo wangu alikuwa ananitazama, hina yake mikononi. Nilimwambia fundi ni mtu mzuri. Sikujua kama ni mtu mzuri.

Alfajiri nilikuwa kwake kabla hajamaliza kufungua mlango. Akanipa kamera kwa furaha. "Iko fiti, dada. Lenzi inacheza. Nimeijaribu mwenyewe."

"Umeijaribuje, wakati haina kadi?"

"Si ina nafasi ya ndani?"

"Na kioo ulikitazama?"

"Sasa dada, nitajuaje kama inapiga bila kutazama kioo?" Lakini macho alikuwa ameyapeleka kwenye bisibisi zake.

"Ulikuwa na nani hapa?"

"Kwangu wanakaa wengi. Wanachaji simu, wanasubiri gari."

Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya banda la chipsi, nikafungua picha. Za mgongo zilikuwepo zote, ua limefunguka begani, uso wa mdogo wangu umegeuka nyuma anacheka. Baada yake zikafuata mbili za majaribio, fundi amepiga kile kibanda chake. Ya kwanza ina kiti cheupe cha plastiki, na juu yake amekaa mwanamume, kofia ya kiua kichwani, mguu juu ya mguu, anacheka. Ukutani nyuma yake simu nyekundu inaning'inia kwenye waya wa chaji. Alikuwa kaka mtu wa Kinjumbi. Bila shaka alikuwa njiani kuja harusini.

Ya pili ni kiti kile kile, kitupu. Simu nyekundu bado iko kwenye waya.

Nikaitazama ile picha ya pili mpaka mwuza chipsi akaniuliza kama naumwa. Hakuna mtu anayeondoka Nangurukuru akaacha simu yake kwenye chaji. Hakuwa ameondoka. Alikuwa amenyanyuka tu, akahamia upande ambao kamera haiuoni. Na upande huo ndiko kiliko kioo cha kamera.

Ndoa ikafungwa. Nilimweleza mdogo wangu chumbani, akiwa ameshavaa, naye akashika kamera kwa mikono miwili, akatazama kiti chenye mtu, akatazama kiti kitupu. "Huyu ni shemeji," akasema. Kisha, "Futa zote, dada."

Nikafuta za mgongo mbele ya macho yake, moja moja. "Na hizi za kiti?" akauliza.

"Hizi naziacha."

"Za nini?"

"Sijui. Naziacha."

Kaka mtu alikula, alitunza ngoma, alinisalimia kwa heshima kupita kiasi. Alipoitazama kamera shingoni mwangu alisema, "Shemeji, imepona?" Sikuwa nimemwambia mtu yeyote wa kwao kwamba iliugua. Nikamjibu alhamdulillahi, na chakula chote siku ile kilikuwa na ladha ya majivu.

Fungate ikapita, hakuna neno. Nikaanza kujidanganya. Simu ikilia nashtuka, nikikuta ni mtu anauliza bei ya picha namshukuru Mungu. Lakini nikienda kwenye shughuli za wengine nilikuwa naitazama kadi ikifungwa pindoni, na watu wanapumua, na mimi mwenyewe siwezi kupumua. Nilianza kuwauliza mara mbili mbili kama kuna picha nyingine wanataka. Wakaniona nimezeeka ghafla.

Kisha, alasiri moja, mdogo wangu akanipigia. Alikuwa anaongea chini chini, nasikia sauti za wanaume nyuma ya ukuta.

"Dada, shemeji amekuja kutoka Kinjumbi. Nimewapelekea chai yeye na mume wangu. Nilipoinama kuweka sinia, ameniuliza kama lile ua la begani limeshafutika."

"Mbele ya mumeo?"

"Mbele yake. Kwa kucheka, kama utani."

"Na mumeo amesemaje?"

"Hajasema kitu." Akavuta pumzi. "Ameweka kikombe chini, ananitazama mimi, dada. Hamtazami kaka yake. Ananitazama mimi."

Nikamwambia asitoke jikoni, asijibu lolote, nakuja. Nikaweka betri mpya, nikaifunga kamera kwenye pindo la kanga, nikapanda bodaboda. Njiani hasira na hofu sikuweza kuzitenganisha. Niliwaza ikigoma leo? Mashine hizi zina tabia ya kukuaibisha pale pale unapozitegemea.

Nilipoingia walikuwa bado sebuleni. Kaka mtu anakula kashata, anatafuna taratibu. Mdogo wangu alikuwa ameshaitwa na mumewe, amesimama mlangoni, pindo la kanga amelikunja vidoleni, na mume wake hajaondoa macho kwake. Alikuwa mtu mpole yule. Uso ule sikuwahi kumwona nao.

"Karibu shemeji," kaka mtu akasema. "Umekuja kutupiga picha?"

"Nimekuja kumwonyesha mdogo wako picha mbili ulizopigwa."

Nikafungua fundo, nikabonyeza. Lenzi ikatoka bila kukwaruza. Nikampa mume wa mdogo wangu kamera, nikaanza na ile ya kwanza.

"Huyu ni nani aliyekaa kwa fundi Nangurukuru, siku ya kuamkia ndoa yako, kamera yetu ya shughuli ya ndani ikiwa mezani?"

Akatazama. "Kaka."

Nikamsogezea ya pili. "Na hapa kiti ni kitupu, simu yake ile ukutani, bado inachaji. Picha za mgongo wa mkeo, na lile ua la begani, zilikuwa kwenye kioo cha kamera hii. Shemeji, muulize, alikuwa amehamia wapi?"

Sikusikia tena mtu akitafuna. Mume wa mdogo wangu aliitazama ile picha muda mrefu, akairudisha ya kwanza, akaipeleka ya pili. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu niingie, akaacha kumtazama mke wake. Akaiweka kamera mezani, kioo juu, akamgeukia kaka yake.