Jina Lisilo na Mtu

Jikoni kwetu hakuna aliyemwita kwa jina. Wanafunzi wote wa bweni walimwita Shangazi, mwalimu mkuu naye Shangazi, hata mimi niliyemenya naye viazi miaka kumi na tisa, ingawa nimemzidi umri. Ndiyo maana sikujua kwamba jina lake la vyetini lilikuwa na mtu mwingine ndani.

Tulikuwa vibarua wa kutwa. Mwaka ule tukaambiwa wapishi tutaajiriwa rasmi na uzeeni tutapata pensheni, mradi kila mmoja aandikishwe kwenye kompyuta na kuweka alama za vidole. Shangazi akavaa gauni lake la kutokea, akaenda ofisini. Karani akaingiza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya cheti cha shule, kisha akamgeuzia kioo cha kompyuta. Pichani alikuwa mwanamke mwenye sare nyeupe za uuguzi.

"Unamfahamu huyu?"

"Simfahamu," Shangazi akajibu.

Alikuwa mdogo wake, wamenyonya ziwa moja.

Alinisimulia tukichambua maharage, yeye machozi yanamtoka, mimi hasira zinanipanda. Alifaulu mtihani, akapata mimba, akaolewa. Miaka baadaye zamu ya mdogo wake ikafika, akafeli. Mama yao akasema, "Cheti chako kitaliwa na mende bure. Mwazime mwenzio akasomee." Akamwazima, kama unavyomwazima jirani ungo. Mdogo mtu akasomea uuguzi kwa jina la dada yake, akaajiriwa, akajenga, na sasa ndiye anayemtunza mama yao na kumnunulia dawa.

"Kalidai!" nilimfokea. "Mali yako ni mali yako, hata ikilala kwa watu miaka mia!"

"Wewe nawe, dada," Shangazi akanijibu. " Jembe nikilichukua, anabaki na mikono yake. Hili nikilichukua, anabaki na nini?"

Nikayavamia maharage kana kwamba ndiyo yaliyochukua jina.

Alirudi kwa karani kubahatisha. Karani hakuwa mjinga. "Mama," akamwambia kwa sauti ya chini, "nikiandika hapa kwamba huyu si wewe, kesho polisi wanamfuata kazini kwake. Nikiacha, wewe hupo. Njoo Ijumaa na jina lisilo na mtu."

Jina la namna hiyo lilikuwa moja tu, lile la kuzaliwa la mdogo wake. Muuguzi alilileta mwenyewe, cheti cha kuzaliwa ndani ya bahasha, akalia miguuni pa dada yake mpaka nikamwonea huruma bila kupenda. Kwa cheti kile Shangazi alipungua miaka saba. "Ujana umekurudia," nilimtania, kisha kicheko kikanikauka. Ilikuwa miaka saba zaidi ya kukoroga masufuria kabla ya kupumzika, na miguu ile ilivyovimba!

Ijumaa akabonyeza kidole. Karani akampongeza, akamwonya: "Kuanzia leo, hata nyumbani uitwe hili. Wakaguzi huwa wanawauliza hata majirani."

Jumapili nilimsindikiza kwenda kumsalimu mama yao kwa muuguzi. Tuliketi sebuleni, sisi watatu. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi. Bibi huyo, ambaye siku hizi haoni vizuri, aliisikia sauti ya mwanawe mkubwa, akafurahi, akaita jina alilompa siku aliyomzaa.

"Abee, mama!" akaitika muuguzi kwa mazoea ya wodini, akainuka.

"Sijakuita wewe," bibi akafoka. "Namwita dada yako."

Shangazi alikuwa ameshafungua kinywa. Akakifunga. Muuguzi akataka kukaa, uso umemshuka kwa aibu, lakini dada yake akamshika mkono asikae.

"Nenda," akamwambia. "Umeitwa wewe."