Tulifumba Macho, Bosi Akahesabu

Jamani, leo nimepiga makofi huku roho inaniuma.

Kiwandani kwetu hapa Kizwite, tunakosaga sembe, tulikuwa tunamchagua mfanyakazi hodari wa Mei Mosi. Bosi akasema wote tufumbe macho ndipo tunyooshe mikono, eti mtu asimwogope mtu.

Haya.

Likatajwa jina la Erasto, mpwa wake bosi, aliyeanza kazi juzi tu. Kisha likatajwa la dada Yasinta, anayewahi kufika kuliko sisi sote, hata baridi iwe kali vipi.

Hapo nikachungulia. (Mnanijua.)

Karibu mikono yote ilikuwa juu!

Bosi akasema, "Fumbueni. Ameshinda Erasto."

Aliyeanza kupiga makofi ni Yasinta mwenyewe. Na mimi nikapiga. Nina watoto, jamani. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Jioni Yasinta akanifuata getini, kope bado nyeupe kwa vumbi la unga.

"Mdogo wangu, hata wewe hukunichagua?"

"Nilikuchagua, dada. Karibu wote walikuchagua. Nilichungulia, nikaona."

Akanishika bega, akatabasamu.

"Asante kwa kunifariji."