Watwale wa Kijerumani na Binti Asiye na Jina

Harufu ya mawese yanapoanza kuchemka hunirudisha Mwandiga, kwa bibi yangu mzaa mama, siku mdogo wake, Babu Zakaria, alipokuja na kitabu cha Kijerumani. Alikuwa katekista mstaafu, na padri aliyemlea ndiye aliyemwachia kitabu hicho. Kilieleza historia ya kanchi kadogo ka Ujerumani na watawala wake, kadogo, alisema Babu, "hata jogoo mmoja akiwika aliwaamsha wote."

Ndani mlikuwa na karatasi ya kukunjua, majina yakiunganishwa kwa mistari, kila jina likitanguliwa na neno Graf. Juma lile tulikuwa tumefundishwa grafu shuleni. Nikatangaza kwa uhakika kwamba hiyo ni grafu, ila mchoraji amesahau namba.

"Mjukuu wangu, Graf si mchoro," Babu akasema. "Ni mtu. Ni mtwale."

Mtwale, kwetu Waha, alishika sehemu ya nchi chini ya mwami, yaani mfalme. Baba yao Bibi na Babu alikuwa mtwale. Babu alitaka nimwandikie karatasi kama ile ya ukoo wetu, isomwe Jumapili mbele ya ndugu, ibaki kuwa kumbukumbu. Alitaja, nikaandika. Wanaume watupu.

Bibi alikuwa akichambua maharage, mawese yakianza kuchemka motoni. Akauliza mtwale wa mwisho kitabuni alimwachia nani nchi.

"Hakuwa na mtoto wa kiume. Ikaenda kwa mume wa binti yake."

"Binti anaitwa nani?"

Babu akafuata mstari kwa kidole. "Wameandika 'binti' tu."

"Nchi nzima imepitia kwake, wino ukawaishia hapo?" Bibi hakuinua macho. "Yewe, Zakaria, na mimi utaniandika 'dada'? Au hata hilo halimo?"

Babu akacheka peke yake. Kisha akaniambia, "Andika Yusta."

"Juu yako au chini?" nikauliza.

Akasita. "Yeye ndiye mkubwa. Juu."

Nilinuna, kwa kuwa ilibidi nianze karatasi mpya. Jumapili ilisomwa hivyo. Wajomba wawili walikohoa, hakuna aliyepinga.

Baadaye nilijifunza Kijerumani kwa kamusi, nikakisoma kitabu chote. Jina la binti yule halimo. Siku ile nilidhani nimeitwa kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri. Kumbe Bibi alikuwa akizungumza na mimi kuliko na mdogo wake: kalamu nilikuwa nimeishika mimi, nami nilikuwa nimeandika wanaume wote wale bila kuuliza.